Maswali ya video: SSD za rekoda, kadi na picha zinazopotea

Fundi, SSD mpya ya rekoda niifomati NTFS au exFAT? (Morogoro)

Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka. SSD ya rekoda (kile kifaa kinachopokea picha kutoka kwenye kamera na kuirekodi) hufomatiwa ndani ya rekoda, si kwenye kompyuta. Blackmagic Video Assist, kwa mfano, inakupa mipangilio miwili tu ya kuhifadhi faili: exFAT, na HFS+ ya Mac. NTFS ya Windows haimo. Unayehariri kwenye Windows chagua exFAT. Wa Mac mwanzo mwisho achukue HFS+, maana exFAT haivumilii kebo kuchomoka katikati ya kurekodi. FAT32, mpangilio wa zamani, isahau kabisa, faili moja haiwezi kuvuka GB 4.

Boksi la SSD limeandikwa MB 540 kwa sekunde, lakini nikirekodi 4K rekoda inaanza vizuri halafu inaangusha fremu. Ni mbovu? (Mombasa)

Rekoda haina kosa. Namba ya kwenye boksi ni ya mbio za mwanzo. SSD nyingi za bei ya chini zina sehemu ndogo ya kupokea data haraka. Ikishajaa, diski inabaki na kasi yake halisi, na hapo ndipo aibu inapoanza. Piga hesabu: ProRes 422 HQ (muundo wa video wa ubora wa juu) ya 3840 kwa 2160, fremu 25, inakula megabiti 737 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 92 hivi kila sekunde, bila kupumzika, mpaka mchungaji aseme amina. Kwa saa moja ni kama GB 330.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, soma orodha ya diski alizozipima mtengenezaji wa rekoda yako. Na ukiuziwa TB 2 kwa bei ya kuku wa kienyeji, ijaze kwanza kwa H2testw, programu ya kupima diski, uone kama hizo TB 2 zipo kweli.

Hukuniuliza, lakini nitasema: harusi inataka HQ ya nini? ProRes 422 ya kawaida inatumia megabiti 492, yaani GB 220 hivi kwa saa, na shangazi wa bibi harusi hataona tofauti kwenye runinga yake.

Klipu za kamera yangu ya AVCHD (muundo wa video) nikiziingiza Premiere, programu ninayohariria, sauti inakwama kila zinapoungana. (Dodoma)

Najua ulichofanya. Umefungua kadi, ukaingia folda ya STREAM, ukachota faili za MTS, yaani za video yenyewe, zilizobaki ukaziona takataka. Kamera hukata rekodi ndefu vipande vipande, na maelezo ya kuviunga yamo kwenye hizo ulizoziacha. Nakili kadi nzima kama ilivyo, kuanzia PRIVATE, ndani ya folda yenye tarehe na namba ya kadi. Kisha ingiza kupitia Media Browser ya Premiere, usiburute faili mojamoja. Mwenye Sony ya kisasa, ambayo folda yake ni M4ROOT, naye asijione amepona, anakili kadi nzima vilevile.

Nilikuwa nakata na kubandika kutoka kwenye kadi, umeme ukakatika. Baadhi ya klipu sizioni popote. (Arusha)

Pole sana, dada. Usirekodi chochote kwenye kadi hiyo wala usiifomati. Jaribu PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha faili zilizopotea, ila usimwahidi mteja kitu: faili ya video iliyotawanyika kwenye kadi hairudi nzima kirahisi.

Wengine wote, nisikilizeni. Kukata ni marufuku. Unanakili, tena kwenye diski mbili tofauti. Folda mbili ndani ya diski moja ni nakala moja. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, hata ile ya bure, ina Clone Tool kwenye ukurasa wa Media: inanakili na kuhakiki kwamba kilichofika ndicho kilichotoka. Ikimaliza, fungua klipu uangalie mwanzo, katikati na mwisho. Hapo ndipo kadi irudi kwenye kamera, ifomatiwe humohumo. Mnaolalamika kwamba diski ya pili ni gharama, iwekeni kwenye ankara. Mteja analipia keki ya ngazi saba, na diski atailipia.

Mradi wote umeandika Media Offline asubuhi hii, klipu hazionekani. (Kigoma)

Windows imebadilisha herufi ya diski. Ingia Disk Management, irudishie ile ya mwanzo.

Nimefuta kila kitu kwa Mac lakini SSD bado imejaa. (Nairobi)

Klipu zipo kwenye tupio la diski hiyohiyo. Kama nakala mbili unazo, soma jibu la Morogoro, uifomati ndani ya rekoda.

Naweza kuhariri nikiwa nimechomeka SSD ya rekoda moja kwa moja, bila kunakili? (Zanzibar)

Unaweza, na kasi itatosha. Kisha Jumamosi itafika, rekoda itaomba diski, na kijana wako ataifomati.