Kishindo kwanza, kuyumba baadaye

SWALI: Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilianza kwa kishindo, kisha nyumba ikayumba. Je, yalikuwa mawili? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Lilikuwa moja. Mwamba uliokuwa umebanwa kwa miaka mingi ulikatika ghafla, kina cha kilomita 40 hivi, ukatoa mawimbi ya aina mbili. Ya P husukuma na kuvuta, yakienda kama kilomita 6 kwa sekunde. Hicho ndicho kishindo. Ya S, yenye kasi ya 3.5 hivi, hutikisa kwa upande. Hayo ndiyo mabaya: ukuta wa tofali na udongo hubeba paa vizuri, ila ukisukumwa ubavuni hufunguka pembeni. Sekunde kati ya kishindo na kuyumba, mara 8, ndizo kilomita hadi chanzo. Kama una moyo wa kuhesabu!