Jibu: Mwekezaji anataka kufyeka mikoko yetu Pangani

Dada, umesema mwekezaji anataka kufyeka mikoko ya kijijini kwenu achimbe mabwawa ya chumvi, na mwenyekiti anawaharakisha msaini. Msisaini! Mikoko ni msitu wa hifadhi, msimamizi wake ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kijiji hakiwezi kuugawa. Sisi huku Bagamoyo tulichelewa. Pale kamba na kaa walipokuwa wakizaliana, leo ni tope jeupe lililopasukapasuka, hata ndege hatui.

Daini mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari uandikwe. Kisha iandikieni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, mkiuliza cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, kinachotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Pigeni picha mikoko ingali imesimama. Ila msiguse mashine za mwekezaji, mtageuziwa kesi. Mkianza kutishwa, muoneni wakili mapema.