Kuzungushia madema mstatili mdogo kabisa

Swali kutoka Lamu: "Nina pointi kama 4,000 za GPS za madema (mitego ya samaki) ya wavuvi, toka Kiwayu kushuka mpaka Manda. Programu ya ofisini inataka kona nne tu. Nikichukua X (mashariki-magharibi) ndogo na kubwa, Y (kaskazini-kusini) ndogo na kubwa, mstatili unameza bahari nzima. Nifanyeje nipate mdogo kabisa?"

Ndugu yangu, mstatili wako umesimama wima kaskazini-kusini na pwani yetu imelala mshazari, ndo maana. Hebu piga hesabu, ukanda wa kilomita 10 kwa 1 uliolala nyuzi 45 ukiufungia boksi la X na Y unapata kama kilomita za mraba 60 badala ya 10.

Kabla ya yote badilisha latitudo na longitudo ziwe mita, kwa UTM zoni 37 kusini, yaani mfumo wa ramani unaopima kwa mita, manake eneo la digrii za mraba halina maana hata kama huku karibu na ikweta digrii zote mbili zinakaribiana urefu.

Halafu tafuta poligoni mbonyeo, ile isiyo na kona ya kuingia ndani. Fikiria miti ya uzio imechomekwa majini kiholela, unapitisha kamba nje ya yote na kuivuta ikaze, miti inayoguswa na kamba ndo kona zako na ile ya ndani haina kazi tena. Mimi hutumia njia ya Andrew ya 1979, unapanga pointi kwa X kisha unapita nazo ukitupa kila inayopinda upande mbaya, 4,000 kompyuta inamaliza kabla hujapepesa jicho. Mara nyingi zinabaki kona chache tu.

Sasa utamu wenyewe. Watafiti Freeman na Shapira walithibitisha 1975 kwamba mstatili wa eneo dogo kabisa lazima upande wake mmoja ulale juu ya ubavu mmoja wa hiyo poligoni, kwa hiyo huna haja ya kujaribu nyuzi zote 360, zungusha data ilale sawa na kila ubavu, pima boksi, shika lililo dogo. Basi.

Ukitaka pande nne zozote, si lazima mstatili, unaweza kupunguza zaidi ila kazi inakuwa ngumu. Wengi wanafuta ubavu mmoja mmoja na kurefusha majirani mpaka zibaki nne, inatoa jibu zuri lakini hakuna uhakika ndo dogo kabisa. Kipimo kimoja: katika jibu sahihi, katikati ya kila upande lazima iguse poligoni ya ndani. Isipogusa, bado kuna nafasi ya kubana. Kwa ofisi yako mimi ningebaki na mstatili.

Na angalia pointi za uongo jamani, mvuvi mmoja akiwasha GPS akiwa bado Langoni anakunywa chai, kamba yote inavutika mpaka mjini.