Saa nane usiku nani yupo zamu?

Wiki hii mmeuliza: "Unapochagua mahali pa kutibiwa, unatazama nini?" Najibu kama mama wa watoto wawili, mkazi wa kijijini mkoani Morogoro.

Mimba ya kwanza sikuchagua kitu. Nilikwenda kituo cha afya cha kata kwa kuwa kiko karibu na mama mkwe alijifungulia hapo. Pale mapokezi kulikuwa na cheti cha nyota mbili. Kila nikija kliniki nakiona, na hakuna aliyenieleza maana yake. Uchungu ukanishika Jumamosi usiku, mtoto amekaa vibaya, anatakiwa kutolewa kwa upasuaji. Chumba cha upasuaji kipo, kipya, vigae vinang'aa, ila mtaalamu wa dawa ya usingizi amesafiri hadi Jumatatu. Nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda mjini, mume wangu ameinua chupa ya dripu njia nzima. Namshukuru Mungu, tulipona wote.

Zile nyota nilikuja kuzielewa baadaye. Wizara ya Afya ilianza mwaka 2015 kupima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa nyota sifuri hadi tano. Duru ya kwanza karibu theluthi moja waliambulia sifuri, na waliofika nyota tatu walikuwa wachache mno. Naiheshimu kazi ile, maana duru ya pili ilikuta hali imepanda. Lakini nyota hujumlisha uongozi, majengo, usafi, kumbukumbu na mapokezi ya wagonjwa, vyote kwenye kapu moja. Mjamzito ana swali moja tu: saa nane usiku nani yupo?

Ndiyo maana huku tunawauliza bodaboda. Wao ndio wanaopeleka wagonjwa usiku, wanajua mlango upi ukigongwa unafunguliwa. Majirani nao watakwambia manesi wa wapi wana lugha nzuri, na hilo si dogo kwa mtu aliye kwenye uchungu. Ila hakuna kati yao anayejua kama damu ipo kwenye friji. Hayo kituo chenyewe kinayajua, na yangetosha kuandikwa kwa chaki ubaoni kila Jumatatu: upasuaji upo au haupo, damu ipo au haipo, usiku nani yuko zamu.

Mimba ya pili nilizunguka vituo viwili nikiuliza hayo hayo matatu. Cha kwanza nesi aliniuliza kama nimekuja kuwakagua. Cha pili, mbali zaidi kwa daladala, mkunga aliinuka, akalitoa daftari la zamu, akanionyesha kwa kidole majina ya usiku ya mwezi mzima, la mtaalamu wa usingizi likiwemo. Halafu akanieleza damu huletwa siku gani na nani achangie mapema katika ndugu zangu.

Nilijifungulia pale, saa tisa usiku. Mtaalamu alikuwepo.