Maswali ya jikoni: Nyama ya wageni huanzia buchani

Wiki hii simu yangu imejaa nyama ya ng'ombe tupu. Naiita nyama ya kuoka, siiti rosti, maana ukiagiza rosti mgahawani hapa Dar unaletewa vipande kwenye mchuzi mzito wa nyanya, na mnachoniuliza ni kile kipande kizima kinachowekwa katikati ya meza watu wakanyamaza. Nimechagua sita.

*Shikamoo shangazi. Wakwe wanakuja Jumamosi jioni, tutakuwa watu kumi. Mara ya mwisho niliilaza nyama usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na thomu, ikatoka ngumu kama kandambili. Nilikosea wapi? — Mkwe mtarajiwa, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kabla ya viungo, uliinunua lini? Ng'ombe wa bucha zetu huchinjwa usiku, alfajiri ananing'inia kwenye ndoano, na saa nne asubuhi yuko sufuriani. Mnyama akishachinjwa misuli hukakamaa, na ya ng'ombe huchukua siku nzima au zaidi kuanza kulegea. Wewe uliipika ikiwa imekaza. Kwenye mchuzi usingeona sana, mchuzi huficha aibu, kuoka huianika. Basi nunua Alhamisi, ilale kwenye friji, Ijumaa jioni uipake viungo, Jumamosi uoke.

Sasa kipande. Watu hukimbilia sarara kwa sababu ni laini na ni ghali. Lakini sarara inataka kutolewa mapema, ikiwa bado na wekundu katikati, na wakwe wengi ninaowajua wakiona wekundu wanasukuma sahani. Ukiiivisha mpaka waridhike, imekuwa ubao. Mwambie muuzaji akukatie bega, kipande kimoja kisicho na mfupa, kilo mbili na nusu hadi tatu, maana kitapungua sana kikiiva. Ile mishipa myeupe usiiondoe: kwa moto mdogo wa muda mrefu huyeyuka ikawa ute, na ute huo ndio utakaoilainisha nyama. Funika vizuri, oveni nyuzi 150 hadi 160, masaa matatu hadi manne, mpaka uma uzame bila ubishi. Nusu saa ya mwisho funua ipate rangi.

Na ndimu yako ndiyo mshtakiwa wa pili. Haiendi mbali ndani ya nyama. Ikikaa usiku kucha inakula uso tu, ukawa kama ungaunga, huku katikati pako vilevile. Kinachosafiri kwenda ndani ni chumvi. Ijumaa paka chumvi, vijiko viwili vya chai visivyojaa kwa kila kilo, thomu, tangawizi, pilipili manga na mafuta kidogo. Choma matundu kwa kisu ushindilie thomu humo. Ndimu iweke masaa mawili kabla ya kuoka. Tumia bakuli la kioo au la plastiki, maana sufuria ya alumini na ndimu havipatani.

*Dada, papai bichi niweke kiasi gani? — Mwanza*

Kwa kipande kizima, usiweke. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papeini kinachovunjavunja nyama, lakini nacho hubaki juu juu. Utapata ganda la uji na moyo mgumu. Liache kwa mishikaki: kijiko kimoja cha chakula cha papai lililosagwa kwa kilo, nusu saa, basi.

*Mimi sina oveni, nina jiko la mkaa. Nisubiri nikiolewa na tajiri? — Tanga*

Usisubiri mtu! Bibi zetu walipalia wali, wakapalia na mikate, na nyama ikapaliwa. Tafuta sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Ikaange nyama pande zote ipate rangi, itoe. Tandika vitunguu vya duara chini, vinene, ili nyama isiguse kitako cha sufuria, irudishe, tia kikombe cha maji na viungo vilivyobaki bakulini. Funika. Chini uache makaa machache, juu ya mfuniko upange mengi. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaweka moto mkali chini, vitunguu vinaungua na nyumba nzima inanuka. Kila baada ya dakika arobaini hivi pangusa majivu, ongeza makaa, angalia maji, geuza nyama. Itakuchukua masaa matatu au zaidi, na kwa maoni yangu inaishinda ya oveni kwa harufu. Pikia uani. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

*Ni kweli nyama ikikaangwa kwanza inafunga maji yake ndani? — Nairobi*

Si kweli, ingawa maneno hayo yana umri: yalienezwa na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, katika karne ya 19. Tega sikio kwenye sufuria baada ya kukaanga. Ile sauti ya kuchacharika ni maji yanatoka. Kaanga kwa ajili ya rangi na ladha.

*Tuko Muscat. Watoto wanataka shuwa ya Iddi lakini tunakaa ghorofa ya nne. Shimo nitalichimba wapi?*

Umenichekesha. Shuwa yenyewe, ile nyama ya Kiomani ya kufukiwa, hulala shimoni siku nzima, pengine mbili, na ladha ile ya moshi na udongo hutaipata kwenye oveni, nisikudanganye. Ila viungo vyake unavyo: thomu, bizari nyembamba, giligilani, iliki, karafuu, pilipili manga, pilipili nyekundu na siki. Saga, paka bega la ng'ombe au la mbuzi, lilaze usiku mmoja kwenye friji. Babua majani ya mgomba juu ya moto yalegee, lifunge, kisha foili juu yake, nyuzi 140 kwa masaa matano au sita. Karafuu tano zinatosha. Nawajua watu wa visiwani mkono wenu ulivyo mzito.

*Yale majimaji ya viungo yaliyobaki bakulini naweza kuyafanya sosi? — Mombasa*

Yamelala na nyama mbichi, kwa hiyo yasiguse sahani kabla hayajachemka barabara dakika kadhaa. Mimi huyamimina sufuriani nyama ikiwa imeshatoka, juu ya vile vitunguu, yakachemka humo pamoja na mafuta yaliyodondoka. Wakati huo nyama iko pembeni imefunikwa, inapumzika dakika ishirini. Ukiikata inatoka moto, maji yote yanaishia kwenye ubao. Angalia nyuzi zinaelekea wapi, kisu kizikatishe. Na yale maji kidogo yatakayobaki ubaoni, yarudishe kwenye sosi.