Milioni 3 kwa wageni 100

Dada, umeuliza kama milioni 3 zinatosha harusi ya watu 100 hapa Mwanza. Zinatosha, ila achana na ukumbi. Sisi tulifanyia nyumbani Nyegezi: turubai, viti vya kukodi, basi. Pesa ielekeze kwenye chakula, maana mgeni akitoka na njaa atasema hadi Sengerema! Amka alfajiri ukachukue samaki sato soko la Mwaloni Kirumba, mwende na shangazi anayejua kupatana bei. Wageni wa Ukerewe? Uliza ratiba ya meli kabla hujachapa kadi. Notisi ya ndoa ni siku 21 kabla, usichelewe. Na tafadhali mdogo wangu, ahadi za michango usizihesabu, panga kwa pesa iliyo mkononi tu.