Siku nne Byron Bay: pumzikeni, ila bendera msizidharau

Mkuu, umeuliza mji wa pwani karibu na Brisbane, Australia, kwa siku nne mwishoni mwa Oktoba, wewe, mama watoto na mtoto wa miaka sita, na hamtaki pilikapilika. Nimeishi Brisbane miaka mitano, na nikipata likizo fupi nashuka Byron Bay. Ni kama saa mbili kwa gari, kuelekea kusini.

Kwanza suala la saa, maana lilinitia hasara. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, New South Wales, jimbo la Byron, wanasogeza saa mbele kwa saa moja; Queensland, jimbo la Brisbane, hawasogezi. Mwaka wangu wa kwanza nililipia safari ya mitumbwi ya kwenda kuangalia pomboo, nikafika nimejiamini na saa yangu ya mkononi ya Brisbane. Wenzangu walishakuwa katikati ya bahari. Hela haikurudi, na kosa lilikuwa langu.

Sasa bahari yenyewe. Mimi mtoto wa Tanga, nimeogelea kabla sijaanza shule, nikajiona sina la kufundishwa. Kumbe kwetu mawimbi yanavunjwa nguvu na miamba huko nje. Pasifiki inakuja nzima nzima mpaka miguuni. Nikaona mawimbi yanavunjika kulia na kushoto, katikati pametulia, maji yamekolea rangi kidogo. Nikasema hapo ndipo pangu. Baada ya muda mfupi nikageuka: taulo langu kule mchangani limekuwa kama kipande cha karatasi. Nikakata maji kurudi, sisogei! Pale palipotulia ndipo mkondo unaporudisha maji baharini. Aliyenitoa ni kijana mwokoaji wa kujitolea, kofia nyekundu na njano, juu ya ubao wake. Hakunigombeza, alininyooshea kidole tu zilipo bendera.

Kwa hiyo: ogeleeni katikati ya zile bendera mbili za nyekundu na njano, basi. Kama hazipo, kaeni mchangani. Mkondo ukikubeba usishindane nao. Elea, inua mkono, na ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufukwe. Mtoto mpelekeni Brunswick Heads, kaskazini kidogo tu. Kuna mto unaoingia baharini, maji yake yametulia, na mji ni mpole kuliko Byron, ambako maegesho ni ya kulipia na vyumba bei yake inauma.

Asubuhi moja tu jilazimisheni kuamka mapema mpande Cape Byron, ncha ya mashariki kabisa ya bara la Australia. Njia ya kuzunguka ni kilomita 3.7, ina ngazi, mtoto atataka kubebwa. Juu kuna mnara mweupe wa taa wa mwaka 1901. Msiukimbilie mnara, kaeni kwenye kingo mtazame maji. Oktoba nyangumi wanarudi kusini na watoto wao. Utaanza kuona pumzi, kama mvuke wa birika, halafu mgongo mweusi unajikunja taratibu na kuzama. Mji huu huu ulikuwa na kiwanda cha kuwachinja, kuanzia 1954 hadi 1962. Leo watu wanapanda mlima na vikombe vya kahawa kuwashangilia. Wenyeji wa asili, Waarakwal, wanapaita Cavanbah, mahali pa kukutania.

Jioni msiingie mgahawani. Bustani nyingi za pwani Australia zina majiko ya umeme ya kuchomea nyama, ya bure: unabonyeza kitufe, unasubiri bati lipate moto, ukimaliza unalifuta kwa ajili ya anayefuata. Nunueni nyama, ndimu na pilipili, bebeni na chapati. Ila chapati zifunikeni. Kuna ndege mweusi mkubwa kama kuku, kichwa chekundu, shingo ya njano, anatembea katikati ya meza kama mwenye nyumba. Mimi alinibebea mbili nikiwa nimegeukia jiko.